Mwano na Mizani: Swali la Mlinzi katika Mashirikisho ya Mwanza na Ufuko wa Ziwa Viktoria

Neno shirikisho lilivuma sana katika Afrika ya Mashariki mwaka 1963, pale Julius Nyerere, Jomo Kenyatta na Milton Obote walipotangaza mjini Nairobi, tarehe 5 Juni, nia yao ya kuziunganisha nchi zao tatu. Shirikisho hilo halikuzaliwa, lakini neno lilibaki. Asili yake ni kitenzi shiriki, chenye mzizi wa Kiarabu, na ndugu zake ni shirika, ushirika, mshirika na hata shirki ya wanazuoni wa dini. Ndugu hawa hawafanani kwa kila jambo. Ushirika ni watu wanaotia mkono katika kazi moja kwa haki sawa. Shirikisho ni vyama au nchi ambazo kila moja hubaki na mlango wake na ufunguo wake, lakini zote zimekubali kupita njia moja.

Katika miaka ya karibuni neno hili limepewa kazi nyingine. Imetokea mitandao ya kijamii isiyo na mwenyewe mmoja. Mtandao wa namna hii hufanywa na seva nyingi, na kila seva ina msimamizi wake na sheria zake; wala hazina kitu kingine kinachoziunganisha ila itifaki moja, yaani kanuni ya kupokezana habari. Mastodon, ulio mashuhuri miongoni mwa mitandao hiyo, ulianzishwa na Eugen Rochko si zamani. Kwa hakika ni mwaka 2016 tu. Itifaki ya ActivityPub, inayotumiwa na mitandao hiyo, ilipitishwa na jumuiya ya viwango vya intaneti mwezi Januari 2018. Tangu hapo wajuzi wameshindana juu ya swali moja: ikiwa mtandao hauna mkuu, ni nani atakayeondoa tusi, uzushi na uchochezi? Na huyo atakayeuondoa, naye atazuiwa na nani asidhulumu?

Wengi hudhani kwamba swali hili ni jipya. Ukweli ni kwamba watu wa Mwanza na wa ufuko wa Ziwa Viktoria wamelijibu mara tatu katika muda usiozidi miaka mia, na kila jibu walililipia. Kwa hiyo historia yao yastahili kutazamwa na kila atakaye kulielewa jambo hili, kwani mambo ambayo seva huyaficha ndani ya mitambo, huku yalitendeka hadharani, mbele ya macho ya majirani.

1. Watemi na majirani

Jina Sukuma maana yake ni kaskazini, na kwa asili ni namna tu ya kuwataja watu kwa upande wanakokaa. Kabla ya utawala wa wageni hapakuwa na mfalme mmoja wa Wasukuma. Palikuwa na tawala nyingi ndogo, kila moja na mtemi wake. Hans Cory, aliyeziandika mila za Wasukuma katika vitabu kadha vya miaka ya 1950, aeleza kwamba mtemi hakuwa mtu wa kujitawalia apendavyo. Alichaguliwa na banang'oma, yaani wazee wenye ngoma ya utawala, na hao waliomweka waliweza kumwondoa. Chini yake walikuwapo wanangwa wa vijiji. Na kando ya wanangwa walikuwapo basumba batale, viongozi wa vijana, ambao waliongoza kazi za pamoja za kulima, kujenga na kuvuna.

Adhabu kubwa ya kijiji haikuwa kiboko wala kifungo, bali kutengwa. Mtu aliyekataa wajibu wake kwa wenzake hakusaidiwa shambani, hakualikwa katika pombe, wala hakupewa moto wa jirani. Katika nchi ya wakulima adhabu hiyo ni nzito, maana mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Lakini ilikuwa na mipaka miwili. Wa kwanza ni kwamba waliotenga na aliyetengwa walijuana kwa uso, na mtu aliweza kulipa faini na kurudi. Wa pili ni kwamba aliyeonewa aliweza kufunga mizigo yake akahamia kwa mtemi mwingine, na mtemi aliyehamwa na watu alipungukiwa heshima na nguvu. Hivyo uhuru wa kuhama ulikuwa ndio rufani ya mnyonge.

Utawala wa kikoloni uliuharibu mpango huu bila kuuondoa. Ulimwacha mtemi katika kiti chake, lakini ulimfanya mkusanyaji wa kodi na mtekelezaji wa amri za Bwana Shauri, hata ikawa hawaogopi tena banang'oma bali anamwogopa aliye juu yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ikaziunganisha tawala hizo, zipatazo hamsini, katika Shirikisho la Usukuma, makao yake yakiwa Malya katika Kwimba. Kwa umbo lilikuwa shirikisho. Kwa roho halikuwa hivyo. Kanuni za kupiga matuta, kupunguza mifugo na kulipia ng'ombe kodi zilitoka juu zikapitishwa katika mabaraza, kisha mtemi akaadhibiwa kwa chuki ya sheria asizozitunga. Hapa pana somo la kwanza: shirikisho ambalo sehemu zake haziwezi kusema hapana ni jina tu.

2. Mizani

Jibu la pili lilitoka kwa wakulima wa pamba. Mkulima wa miaka ya 1940 alipofikisha pamba yake kwa mnunuzi, alikuta mizani ni ya mnunuzi, anayeisoma ni karani wa mnunuzi, na fedha zimo katika sanduku la mnunuzi. Ikiwa mizani imepunja, hapakuwa na wa kumwambia. Malalamiko haya yalienea Mwanza, Geita na Ukerewe, na dawa iliyobuniwa ilikuwa nyepesi ajabu: wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, wakasimama penye soko na kupima upya. Hawakuwa na mamlaka ya kisheria. Walikuwa na mizani ya pili tu. Lakini mizani ya pili ikiwapo, ile ya kwanza huona haya.

Kutokana na mizani hiyo vikatokea vyama. Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika mjini Mwanza, akawa kiongozi wa wakulima katika kuviunda. Vyama vya kwanza viliandikishwa mapema katika miaka ya 1950, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la vyama vya ushirika la Viktoria, lililojulikana kwa herufi VFCU. Mpangilio wake ulikuwa wa ngazi tatu: chini vyama vya msingi, vilivyopokea na kupima pamba, katikati vyama vikuu, na juu shirikisho lenyewe mjini Mwanza. Mwisho wa mwongo huo lilihesabiwa kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima.

Katika miaka hiyo hiyo neno la siasa lilifungiwa mlango. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na kabla mwaka haujaisha ilikatazwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa. Katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka 1958. Serikali ilikuwa na njia nyepesi ya kulinyamazisha shirika la siasa, nayo ni kukataa kuliandikisha. Lakini ushirika ulikuwa halali, na mikutano yake ilikuwa halali. Mamia ya vyama vya msingi yalikutana, kila kimoja mahali pake, kuzungumza bei, mizani na ushuru. Na mtu asemaye bei ya pamba mwaka 1956 hakuwa mbali na kusema mambo ya utawala. Amri moja ilitosha kuifunga TANU katika jimbo zima. Vyama mia kadha vya wakulima havikufungika kwa amri moja bila kuifunga pamba yenyewe. Mwaka 1958, watu wa Geita walipolipinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa mataifa, ilionekana wazi kwamba ukimya wa miaka minne haukuwa ridhaa.

Hadithi hii hupendwa, na mara nyingi hukomea hapo. Lakini ina nusu ya pili, na hiyo ndiyo yenye mafunzo. Baada ya uhuru shirikisho lilinenepa. Makatibu waliongezeka, makato yaliongezeka, na safari ya fedha kutoka Mwanza hata kwa mkulima ikawa ndefu. Mkulima aliyeweza kuisoma mizani hakuweza kuvisoma vitabu vya hesabu. Katika vyama vingi vya msingi fedha zilipotea, na wenzi wao katika vyama vya jirani hawakuwa na njia ya kuwauliza, maana kila chama kiliangalia juu, hakikuangalia kando. Mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais ilichunguza mambo ya ushirika nchini, ikakuta wizi, uongozi dhaifu, siasa kujiingiza, na wanachama wasiojua haki zao. Muda mfupi baadaye shirikisho la Viktoria likavunjwa, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, Nyanza, chini ya mkono wa karibu zaidi wa serikali. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilifutwa, visirudi mpaka baada ya sheria ya mwaka 1982.

Ni kweli kwamba serikali ilikuwa na tamaa yake ya kuushika uchumi. Lakini ni kweli pia kwamba mlango ilifunguliwa na wenyewe. Aliyewahi kupigania mizani ya pili kwa mnunuzi hakuiweka mizani ya pili kwa katibu wake mwenyewe. Wasiojisahihisha huja wakasahihishwa na mgeni, na mgeni hana kipimo cha nyumba hiyo.

3. Mwano

Jibu la tatu ni la sungusungu. Kulielewa yabidi kukumbuka mambo mawili yaliyotangulia. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Kwa jina ulikuwa ugatuaji. Kwa matendo mabaraza ya wilaya yalifutwa, na watumishi wa serikali kuu wakapelekwa mikoani kushika nafasi yake. Mwanafunzi wa lugha atatambua hapa jinsi neno liwezavyo kutangulia na maana ikabaki nyuma: madaraka yalisafiri kwenda mikoani, lakini yalisafiri pamoja na wenyewe. Jambo la pili ni kuhamishwa kwa watu katika vijiji vipya katikati ya mwongo huo, kulikowatenga wengi na majirani wao wa zamani.

Kisha ikaja vita ya Uganda ya mwaka 1978 na 1979, na baada yake silaha zikasambaa na wizi wa ng'ombe ukazidi. Polisi walikuwa wachache na mbali, na mtu aliyeibiwa alidai kwamba mwizi hutoka kituoni kabla ya mshitaki. Yapata mwaka 1982, katika mpaka wa Kahama na Nzega, wanavijiji walianza kujilinda wenyewe. Katika muda mfupi jambo hilo lilienea Unyamwezi na Usukuma kote, mpaka vijiji vya karibu na Mwanza. Jina sungusungu ni la wale chungu weusi waendao kwa msafara na kuuma kwa pamoja. Wengine walijiita Basalama, jina ambalo limetwaa salama ya Kiswahili na kuivika kiambishi cha Kinyamwezi.

Ray Abrahams, aliyeandika juu yao mwaka 1987, alionyesha jinsi mpango wao ulivyokuwa. Kila kijiji kilikuwa na kundi lake na viongozi wake, na mkubwa wao mara nyingi aliitwa mtemi, jina lililokuwa limekwisha kufutwa katika sheria tangu mwaka 1963. Hapakuwa na makao makuu. Kilichoviunganisha vijiji kilikuwa mwano, ukelele wa hatari, pamoja na filimbi. Ng'ombe akiibiwa, mwano hupigwa. Kijiji cha pili kikiusikia huupokea na kuupeleka cha tatu, na wenye pinde hutoka kuzifunga njia. Watu wa pwani wana methali isemayo kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini mbiu ya mgambo hulia kwa amri ya mkubwa, na mwano hupigwa na yeyote aliyeona. Tofauti hiyo ndiyo tofauti ya dola na shirikisho.

Adhabu yao ilikuwa ile ile ya kale: faini, na asiyetii hutengwa. Kijiji nacho kiliweza kutengwa. Wizi wa ng'ombe ulipungua, na watu walilala. Viongozi wa chama na serikali, ambao mwanzoni walisitasita, wakausifu mpango huo, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwapa sungusungu uwezo wa kukamata.

Lakini mwano haubagui. Ukelele ule ule uliomfuata mwizi uliweza kumfuata mwanamke mzee aliyesingiziwa uchawi. Mauaji ya namna hii yalikuwapo Usukuma kabla ya sungusungu, na si haki kuwatwika wao peke yao; hata hivyo yako makundi yaliyowashitaki, kuwatoza na kuwafukuza watu kwa shutuma hiyo. Waliouawa katika nchi hiyo kwa miaka hiyo wengi wao walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu, ambayo ni alama ya maisha marefu penye moshi wa jikoni. Mtu kama huyo hakuwa na rufani. Uhuru wa kuhama, uliomfaa mnyonge wa zamani, haukumfaa mjane asiye na mtu wa kumpokea. Na shutuma ilipokezwa mbio kuliko yeye awezavyo kutembea.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba hiyo ni hoja ya kuyarudisha mambo yote serikalini. Serikali ilikwisha kujaribu. Mwaka 1976 maofisa wa usalama walitumwa Mwanza na Shinyanga kuyakomesha mauaji ya vikongwe. Waliwakamata watu wengi, wakawatesa, na baadhi yao wakafa mikononi mwao. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuubeba wajibu wa jambo asilolitenda kwa mkono wake. Kijiji kilikosea kwa kuwa karibu mno. Dola ilikosea kwa kuwa mbali mno na kuwa na nguvu mno. Katika makosa yote mawili aliyeumia hakuwa na mahali pa tatu pa kusema.

4. Seva

Hapo ndipo mambo ya seva yaonekanapo kuwa ya kale. Seva ni kijiji, msimamizi wake ni mtemi, itifaki ni mwano, na adhabu kubwa ni kutenga. Mwaka 2019 mtandao wa Gab, uliojaa maneno ya chuki, ulihamia katika programu ya Mastodon, nayo ni programu ya wazi isiyoweza kunyimwa mtu. Hapakuwa na mkuu wa kuufukuza. Seva nyingi, kila moja kwa uamuzi wake, zikakata njia baina yao na Gab, na sauti yake ikabaki nyumbani kwake. Mzee wa Kisukuma asingehitaji kuelezwa: hakupewa moto.

Kwa Tanzania jambo hili si la mbali. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mtoa huduma awe na leseni, na jumla ya ada za kuanzia ilikuwa shilingi 2,100,000. Zilimpa saa 12 za kuondoa maneno yaliyokatazwa baada ya kuarifiwa; kanuni za mwaka 2020 zikazipunguza kuwa saa 2. Kanuni hizo zilidhani kwamba kila mtandao una mwenyewe awezaye kuitwa ofisini. Kwa kampuni kubwa dhana hiyo ni sahihi, na njia ya kuizima ni nyepesi: mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizibwa nchini wote kwa pamoja, kama ilivyofungiwa TANU katika Jimbo la Ziwa. Seva nyingi ndogo hazizibiki hivyo, kama vile vyama vya pamba visivyozibika. Lakini mtu mmoja aendeshaye seva ya rafiki zake kwa hisani hakuweza kuilipa ada hiyo, wala hakuweza kukesha akingoja zile saa 2. Kwa hiyo sheria iliyoandikwa kwa ajili ya mnunuzi mkubwa ilimwangukia kwanza mpimaji mdogo.

Wanaoisifu mitandao ya shirikisho hutaja ile nusu ya kwanza ya hadithi ya ushirika: hakuna awezaye kuifunga kwa amri moja. Hayo ni kweli. Historia ya Mwanza yawadai waitaje na nusu ya pili. Msimamizi wa seva aweza kumfukuza mtu bila kumwambia sababu, kama katibu asiyeonyesha vitabu. Orodha za seva za kutengwa hupokezwa kutoka seva hata seva, na wengi huzipokea bila kuuliza ni nani aliyeupiga mwano wa kwanza na kwa kosa gani. Mtu mwenye maarifa huhama. Asiye nayo hupotewa na rafiki zake wote kwa siku moja.

Mambo matatu basi yadhihirika katika habari hizi. Shirikisho halidumu ila sehemu zake ziweze kusema hapana, kama ilivyodhihiri Malya. Halidumu ila kila mlinzi apimwe kwa mizani isiyo yake, kama ilivyodhihiri katika pamba. Na halina haki ila anayetengwa awe na mahali pa kusema kabla mwano haujafika kijiji cha pili. Sharti la mwisho ndilo gumu, kwani mwano una sifa moja tu, nayo ni mbio. Na kuusimamisha hata kwa muda mfupi ni kuhatarisha ng'ombe wa mtu. Wanavijiji wa Usukuma waliuchagua ule mwendo wa mbio wakaokoa mifugo yao. Hesabu ya wale vikongwe haijawahi kuwekwa katika mizani pamoja na hesabu ya ng'ombe, na mpaka iwekwe, hakuna awezaye kusema kwamba jibu la tatu lilikuwa jema au baya.